Mvua inayoganda kwenye nyanda za Kanada: la kufanya jioni, asubuhi na barabarani

Kila Oktoba inapoelekea ukingoni, wanaouanza msimu wao wa kwanza wa baridi Winnipeg, Regina, Saskatoon, Edmonton au Calgary huuliza maswali yale yale. Mbona mlango wa gari haufunguki na jana ulikuwa mzima? Je, naweza kukimwagia kioo maji ya moto? Simu inasema nyuzi 1 juu ya sifuri, mbona njia inateleza kama imepakwa sabuni? Majibu yako hapa chini, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: jioni kabla ya mvua, asubuhi yake, kisha barabarani.

Wengi wanaogopa Januari ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Iheshimu, lakini theluji kavu ya siku hizo ina mshiko kuliko unavyodhani. Siku za kuogopa miguuni na kwenye matairi ni hizi za Novemba, joto linapocheza kati ya +2 na -5. Barafu iliyo karibu na sifuri huwa na utando wa maji juu yake, na utando huo ndio unaoangusha watu.

Nadharia ni fupi. Theluji hushuka, ikakutana na tabaka la hewa vuguvugu juu angani, ikayeyuka kuwa mvua. Karibu na ardhi kuna hewa ya chini ya sifuri, lakini nyembamba, kwa hiyo tone halipati muda wa kuganda njiani. Linafika likiwa maji na kuganda linapogusa chochote: lami, kioo, waya wa umeme, ngazi ya mlangoni. Usilichanganye na mvua ya mawe, wala na zile chembe ngumu zinazodunda juu ya boneti. Na huku nyandani mara nyingi haiji hata kama mvua. Huja kama manyunyu, karibu na ukungu, yasiyosikika juu ya paa. Hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu barabara inaonekana imelowa tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya Novemba

- Matairi manne ya baridi yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Manne, siyo mawili. Tairi la "misimu yote" huanza kuwa gumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, na mshiko unapungua. Manitoba, bima ya umma ya magari (MPI) ina mpango wa mkopo wa matairi haya. Muulize wakala wako.
- Kikwangulio cha plastiki ngumu chenye brashi upande wa pili. Cha chuma hukwaruza kioo, na kadi ya benki itavunjika.
- Maji ya kuoshea kioo yaliyoandikwa -40. Yale ya kiangazi yataganda kwenye tangi na kupasua mirija.
- Dawa ya kuyeyusha barafu. Unaweza kuitengeneza: sehemu mbili za spiriti ya dukani ya asilimia 70 (ile ya kusafishia vidonda), sehemu moja ya maji, matone machache ya sabuni ya vyombo, vyote kwenye chupa ya kupulizia. Chupa ikae ndani ya nyumba. Ikiwa ndani ya gari ambalo milango imeganda, haikusaidii kitu.
- Silikoni ya kupulizia, kwa mipira ya milango.
- Mchanga, ndoo moja. Edmonton na Winnipeg huweka mchanga wa bure kwa wakazi. Winnipeg piga 311 uulize ulipo karibu nawe.
- Chumvi ya barafu, mfuko mdogo.
- Meno ya viatu, yaani ule mpira wenye vichuma unaovalishwa juu ya buti.
- Waya wa umeme wa nje wenye pini tatu, kwa ajili ya hita ya injini (kifaa cha umeme kinachoipasha injini joto kabla ya kuwashwa).
- Ndani ya gari: blanketi, koleo dogo, tochi, waya za kushtulia betri, mshumaa ndani ya kopo la bati, kiberiti, biskuti, maji, glavu na soksi za akiba.
- King'amuzi cha monoksidi ya kaboni (hewa yenye sumu itokayo kwenye moshi wa injini na mkaa) nyumbani, chenye betri.

Jioni kabla ya mvua

1. Soma utabiri, usiishie kwenye picha ya wingu. Programu ya serikali, WeatherCAN, ni ya bure na hukutumia tahadhari za eneo lako. Tahadhari zitaandikwa freezing rain kwa mvua inayoganda, freezing drizzle kwa manyunyu, na flash freeze pale maji yaliyoko chini yatakapoganda ghafla kwa sababu joto linaporomoka. Halafu angalia upepo. Kwa Manitoba na kusini mwa Saskatchewan, dhoruba inayopanda kutoka Colorado huanza na upepo wa mashariki na mvua. Upepo ukigeuka kaskazini-magharibi, tarajia theluji juu ya barafu, na joto kushuka kwa kasi. Alberta ina mchezo wake: upepo wa chinook unaweza kupandisha joto nyuzi 20 kwa saa chache, theluji ikayeyuka mchana kutwa, usiku yale maji yakawa kioo.

   Kuhusu ile +1 kwenye simu: kipimo huchukuliwa hewani, karibu mita moja na nusu kutoka ardhini, na mara nyingi ni uwanja wa ndege. Ardhi iliyopoa wiki nzima bado iko chini ya sifuri.

2. Egesha kwa akili. Chini ya paa kama lipo, mbali na miti. Kama ni nje, elekeza pua ya gari magharibi, maana mvua hii kwa kawaida husukumwa na upepo wa mashariki na kioo cha mbele kitapona kiasi. Gari la otomatiki kwenye uwanja tambarare liache kwenye P bila breki ya mkono. Waya wa breki uliolowa huganda ukiwa umevutwa.

3. Funika kioo cha mbele kwa turubai la plastiki, kingo zake zibanwe na milango ya mbele. Usitandike shuka, taulo wala kanga. Kitambaa hunyonya maji na kugandamana na kioo, na asubuhi utakuwa na kazi mbili badala ya moja.

4. Nyanyua waipa zisimame. Hakikisha swichi yake imezimwa. Ukiwasha gari asubuhi swichi ikiwa imewashwa na waipa zimeganda, utaunguza fyuzi au kuharibu mota.

5. Futa mipira ya milango yote kwa kitambaa kikavu, kisha pulizia silikoni na uisambaze kwa kidole. Mlango wa nyuma na wa buti pia. Kazi ya dakika tano, na ndiyo tofauti kati ya wanaoondoka saa moja na wanaoondoka saa mbili.

6. Hita ya injini haihitajiki kwa nyuzi 3 chini ya sifuri. Inahitajika baridi ikifika karibu -15, nayo huweza kufika usiku huohuo baada ya mvua. Kwa hiyo ficha plagi: iviringishe kwenye mfuko wa plastiki au iingize chini ya boneti. Plagi iliyojaa barafu haiingii kwenye waya. Saa tatu kabla ya kuondoka zinatosha. Tumia kiwashio cha saa.

7. Nyunyizia chumvi kidogo kwenye ngazi na njia ya mlangoni *kabla* mvua haijaanza. Barafu isiyoshikamana na saruji hubanduka kwa koleo. Kikombe kimoja kikubwa cha chai kinatosha kama mita 6 za njia ya gari. Ukizidisha, chumvi itakula saruji na nyayo za mbwa wa jirani.

Asubuhi

8. Vaa meno ya viatu ukiwa umekaa mlangoni, siyo baada ya kutoka. Shika mkono wa ngazi. Jaribu hatua ya kwanza kwa kisigino kabla ya kuuhamisha uzito. Ukiingia dukani au kwenye basi, yavue: juu ya vigae vichuma huteleza kuliko soli tupu.

9. Fungua mlango bila kuuvunja. Usivute kitasa kwa nguvu. Vitasa vya plastiki hukatika, na mpira wa mlango huchanika. Badala yake *sukuma*: egemea mlango kwa bega au nyonga, mara kadhaa, kuzunguka kingo zote, mpaka usikie barafu inapasuka. Ikishindikana, pulizia dawa kwenye mstari wa mlango, subiri dakika mbili, sukuma tena. Jaribu mlango wa abiria, ule uliokuwa upande usiopigwa na upepo. Mara nyingi mmoja kati ya minne utakubali.

10. Kabla ya kuwasha injini, hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji au barafu. Kama gari liko ndani ya gereji, litoe nje kwanza. Kufungua mlango wa gereji hakutoshi. Moshi unarudi ndani ya nyumba.

11. Washa, elekeza hewa yote kwenye kioo cha mbele, joto hadi mwisho, kiyoyozi kikiwa kimewashwa (kinakausha hewa), na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimezimwa. Mpe injini dakika 10 hadi 15 huku ukishughulikia madirisha ya pembeni.

12. Sasa kioo. Maji ya moto hapana, hata ya uvuguvugu. Kioo kilicho baridi kikipata joto upande mmoja hupasuka, na ufa mdogo wa kokoto uliokuwa nao tangu kiangazi utakimbia kutoka kona hadi kona. Hata kama hakikupasuka, maji yatateremka kwenye bawaba na waipa na kuganda huko. Fanya hivi: pulizia dawa kuanzia juu, subiri dakika moja au mbili, kisha toboa njia ndogo pale hewa ya moto inapotokea chini ya kioo. Barafu ikishaachia hapo, ingiza kikwangulio kwa mlalo na uisukume kwenda juu. Itatoka mapande mapande kama sahani. Ukikwangua tone kwa tone kuanzia katikati utachoka na kukwaruza kioo bure.

    Safisha pia taa zote, vioo vya pembeni, namba ya gari na paa. Bamba la barafu lililo juu ya paa husubiri breki yako ya kwanza, likateleza na kufunika kioo cha mbele, au likaruka na kumpiga wa nyuma.

13. Amua kama unaondoka. Malori ya mchanga na chumvi yanahitaji muda, na mara nyingi saa mbili za kusubiri hubadilisha barabara kabisa. Mpigie msimamizi mapema, kabla ya zamu na siyo katikati yake. Kwa safari ndefu angalia kwanza hali ya barabara: Manitoba 511, Highway Hotline ya Saskatchewan, 511 Alberta. Kati ya Winnipeg na Regina kuna karibu kilomita 570 za uwazi. Ikiandikwa kwamba safari haishauriwi, wanamaanisha.

Barabarani

14. Jaribu mshiko ukiwa bado kwenye mtaa mtupu: mwendo wa kilomita 15 kwa saa, gusa breki. Pedali ikitetemeka papo hapo, unajua uko juu ya nini.

15. Acha nafasi ya sekunde 8 hadi 10 nyuma ya gari lililo mbele. Likipita nguzo, anza kuhesabu. Ukifika nguzo ile kabla ya nane, uko karibu mno. Gari la kuendesha magurudumu yote manne litaondoka vizuri kwenye taa, lakini kusimama linasimama kama mengine. Wanaotumbukia mtaroni na magari makubwa ni wengi kwa sababu ya kusahau hilo.

16. Zima kidhibiti mwendo (cruise control). Gurudumu likipoteza mshiko, kinaweza kuongeza mafuta wakati unaohitaji yapungue.

17. Madaraja huganda kwanza, kwa kuwa hewa baridi hupita juu na chini yake. Punguza mwendo *kabla* ya daraja, na juu yake usifunge breki, usigeuze ghafla, usiongeze mafuta. Tahadhari hiyohiyo kwenye njia za kutokea barabara kuu na kwenye makutano, ambako matairi ya wengi yameshaing'arisha barafu.

18. Unajuaje barafu isiyoonekana? Lami nyeusi inayong'aa huku magari ya mbele hayarushi maji. Kelele ya matairi ikikatika ghafla. Antena au kingo za vioo vya pembeni zikianza kuota barafu. Ukiona mojawapo, punguza mguu taratibu.

19. Gari likiteleza: toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, tazama unakotaka kwenda na upeleke usukani huko kwa upole. Macho yakibaki kwenye nguzo, mikono itakupeleka kwenye nguzo. Ukilazimika kusimama na gari lina ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge), kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Mtetemo na mlio wa pedali ni mfumo unafanya kazi, usiachie.

20. Ukikuta polisi, zimamoto, gari la wagonjwa au la kuvuta magari limesimama pembeni likiwasha taa, kwenye barabara kuu za mikoa yote mitatu usizidi kilomita 60 kwa saa unapolipita.

21. Ukitumbukia mtaroni nje ya mji, baki ndani ya gari. Upepo wa kilomita 30 kwa saa hufanya -10 iumize mwili kama -20, na nguo zilizolowa mvua hazikulindi. Piga simu, washa taa za dharura. Endesha injini kama dakika 10 kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo, na kila mara kabla ya kuwasha hakikisha bomba la moshi liko wazi.

Kwa wanaotembea na kusubiri basi

Tembea kama bata: miguu imetengana kidogo, vidole vimeelekea nje kidogo, hatua fupi, nyayo nzima ikikanyaga kwa pamoja, uzito juu ya mguu wa mbele. Mikono nje ya mifuko. Ukiwa na mizigo, iwe mgongoni. Nyasi zilizoganda pembeni ya njia zina mshiko kuliko saruji. Usisimame ukingoni mwa barabara kituoni. Basi linalofunga breki kwenye barafu linaweza kuteleza hadi ulipo. Koti la juu liwe la kuzuia maji, na chini yake sufu au nguo za michezo. Jinzi zikilowa, baridi ya jioni itakukuta ukiwa umevaa barafu.

Umeme ukikatika

Barafu huelemea matawi na nyaya. Waya ukianguka, kaa mbali angalau mita 10 na upige 911, hata kama unaonekana umekufa. Ukiangukia gari ulimo, usitoke.

Nyumba ikianza kupoa, watu wanakumbuka jiko la mkaa lililoko kwenye veranda. Lisiingie ndani, hata dakika moja, hata dirisha likiwa wazi. Wala jiko la gesi la kuchomea nyama, wala jenereta. Hewa ya mkaa haina harufu na madirisha ya huku yamezibwa vizuri kuliko ya nyumbani. Kusanyikeni chumba kimoja, fungeni mingine, wekeni blanketi chini ya mlango. Umeme ukikawia na baridi ikizidi, acha bomba la maji lililo mbali zaidi lichuruzike kidogo lisigande.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Mlango umefunguka lakini haufungi.* Komeo limeganda likiwa katika hali ya kufungwa. Pulizia dawa ndani ya komeo, subiri, kisha lirudishe nyuma kwa bisibisi huku umevuta kitasa. Usiendeshe ukiwa umeushikilia mlango kwa mkono.

*Kioo kinaganda tena ukiwa safarini.* Umerusha maji ya waipa kwenye kioo kisichopata moto. Rudisha joto lote kwenye kioo, simama mahali salama, na ubandue barafu iliyojikusanya kwenye mpira wa waipa.

*Ukungu ndani ya kioo.* Karibu kila mara ni kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimeachwa, pamoja na theluji iliyoyeyuka kwenye mazulia. Kizime, washa kiyoyozi, kung'uta mazulia nje.

*Taa ya tairi imewaka.* Hewa hupungua kama psi 1 (kipimo cha shinikizo la tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto kushuka. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye tairi lenyewe ni ukomo wake, siyo kipimo chako.

*Usukani unatetemeka ukifika kilomita 80.* Kabla ya kwenda kwa fundi, chungulia ndani ya rimu. Barafu iliyogandia upande mmoja huharibu uwiano wa gurudumu. Iangushe kwa mpini wa brashi, au uoshe gari ndani ya jengo lenye joto.

*Dashibodi inasema breki za dharura za otomatiki hazipo.* Kihisi kilicho kwenye grili au juu ya kioo kimefunikwa na barafu. Kifute kwa kitambaa na dawa, usikikwangue.

*Chumvi imemwagwa na barafu iko pale pale.* Baridi imeshuka kupita karibu -10, na chumvi ya kawaida imechoka. Mwaga mchanga, au nunua kloridi ya kalsiamu, inayofanya kazi kwenye baridi kali zaidi.

*Umeme upo lakini fanesi (mashine ya kupasha nyumba joto) imezima.* Toka nje uangalie mabomba mawili ya plastiki yanayotokeza ukutani, kwa kawaida meupe. Moja huvuta hewa, jingine hutoa moshi. Likizibwa lolote, mashine hujizima yenyewe. Safisha midomo yake kwa mkono wenye glavu, usigonge kwa koleo, kisha zima na uwashe swichi ya fanesi mara moja. King'amuzi kikilia wakati wowote katika kazi hiyo, toeni watu wote nje na mpige 911 mkiwa huko nje.